Kumi na Mmoja Waliojitegemea

Jumatatu, 6 Mei

Mshauri mpya kafika. Wa nne tangu nianze kazi hapa Wakfu. Wa kwanza alikuja na vikaratasi vya rangi, tukavibandika ukutani mpaka rangi ya ukuta ikang'oka navyo. Wa pili alitufungia hotelini siku tatu tuchore mti: mizizi ni matatizo, matunda ni mafanikio. Wa tatu hatukumwona ana kwa ana, alikuwa kichwa ndani ya kompyuta, na mtandao ukikatika anaganda mdomo wazi. Ripoti zao zote tatu ninazo masjala, rafu ya chini, karibu na dawa ya mende. Hajatokea wa kuziazima.

Huyu ana mishale. Kila alichorusha ukutani kwa projekta kina mshale, unatoka kushoto, unakwenda kulia, unazunguka, unarudi ulikotoka. Nimembatiza Bwana Mshale. Sauti nzuri lakini, hilo tumpe.

Mkurugenzi kamtambulisha kwa maneno aliyowatambulishia wenzake: jicho la nje, litaona tusiyoyaona. Dereva akaninong'oneza kwamba jicho la nje nalo likiingia vumbi hutoa machozi. Nikajikuta nakohoa.

Shughuli yenyewe ni hii. Wakfu unatoa ruzuku kwa vikundi arobaini na viwili. Bodi inataka vibaki ishirini. Nani akishike kisu? Mkurugenzi hataki, Bodi haitaki. Basi kaitwa mgeni aje achinje kuku tuliowalea wenyewe, sisi tugeuze nyuso. Miaka kumi na tisa iliyopita niliingia humu na ufagio, nikajifunza kuchapa kwa kutazama vidole vya wengine, na hiyo ndiyo elimu niliyoipata kuhusu ushauri.

Jumanne, 7 Mei

Zamu yangu ya kuhojiwa. Aliomba nusu saa, akakaa saa mbili. Aliuliza kwanza ningekuwa Mkurugenzi ningebadilisha nini. Nikamwambia paa la choo cha wanawake. Akaandika!

Kisha akaniuliza habari za vikundi. Hapo nikamwaga. Kipi kina watu, kipi ni baba, mama na mhuri. Kipi huamka mwezi wa ripoti kikalala tena. Aliandika kurasa kumi na moja. Ndivyo wafanyavyo wote: wanakuja na daftari tupu, wanaondoka na lililojaa, baadaye Mkurugenzi anashangaa jinsi mgeni alivyotufahamu haraka.

Sikumwambia kwamba kikundi cha wahudumu wa wagonjwa kinaongozwa na wifi yangu. Hakuuliza. Na mimi si redio.

Wanawake tisa. Wanakwenda nyumba kwa nyumba kuosha watu walio kitandani, kuwageuza, kufunga vidonda. Wakfu unawapa glovu, sabuni, bandeji, mashuka na nauli. Wagonjwa ishirini na sita kwa sasa. Ukiondoa Wakfu, hakuna mwingine. Wifi anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana tangu jana hajanipigia simu. Hataki nionekane nimeombwa.

Ijumaa, 10 Mei

Dodoso limetumwa kwa vikundi vyote. Ukurasa mmoja tu, ndio ustadi wa mtaalamu. Umeandikisha watu wangapi miaka mitatu hii? Wanaoendelea kuhudumiwa wangapi? Waliotoka wakijitegemea wangapi? Kikundi ambacho hakitoi mtu kinajenga utegemezi. Kinachojenga utegemezi kinapata alama E. Mwenye E anaandikiwa barua ya shukrani na kwaheri.

Nilisoma mara tatu nikitafuta kisanduku cha marehemu. Hakuna. Kwa Bwana Mshale mtu yuko kwenye mpango au kafaulu.

Yeye kesho anasafiri, ana mteja mwingine nchi nyingine. Kamwomba Mkurugenzi mtu mmoja wa kumsaidia kidogo kuingiza takwimu. Mtu mmoja ni mimi. Kidogo ni vikundi arobaini na viwili.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeingiza thelathini na tano. Mgongo kama ubao.

Fomu ya Wifi nimeiacha ya mwisho kwa leo. Mwandiko wake ule uliosimama kama askari. Walioandikishwa: 37. Wanaoendelea: 26. Waliotoka wakijitegemea: kapiga mstari. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Waliofariki 11. Hapakuwa na mahali." Nyuma ya karatasi, majina yote kumi na moja na tarehe. Wa sita mama mkwe wangu.

Kompyuta ikakataa. Thelathini na saba si ishirini na sita, safu nzima ikawa nyekundu. Nikampigia Bwana Mshale. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya kiwanja cha ndege, mtu akiitwa abiria wa mwisho. Nikamwambia kuna kikundi kina watu hawaingii kisanduku chochote. Nilikuwa nataka kuendelea, akanikata: "Weka popote panapokubali, dada. Tutasafisha baadaye." Simu ikafa.

Naandika ukweli hapa kwa kuwa hapa hakuna Bodi. Palikuwa na njia ya pili. Ningeandika walioandikishwa ishirini na sita, wanaoendelea ishirini na sita, waliotoka sifuri. Nilijaribu. Kompyuta ikakubali, rangi ya kijani, na papo hapo ikatoa yenyewe alama: E. Niliitazama ile E muda mrefu. Nikawaona wagonjwa ishirini na sita, nikamwona Wifi anawaaga mmoja mmoja.

Nikafuta. Nikaandika 37, nikaandika 26, na pale kwa waliojitegemea nikaandika 11. Ikataka na majina. Nikayachapa. La sita nalo nikalichapa, herufi kwa herufi, kama nachapa bahasha ya mwaliko.

Kijani. Alama A.

Atasafisha baadaye. Kasema mwenyewe.

Alhamisi, 16 Mei

Hajasafisha.

Jumatano, 22 Mei

Rasimu imewasilishwa mbele ya Bodi. Mimi nilikuwemo kwa ajili ya projekta, ambayo bila kupigwa kofi haiwaki.

Nambari moja kati ya arobaini na viwili: wahudumu wa wagonjwa. Mshale mnene wa kijani unapanda. Asilimia thelathini ya walioandikishwa sasa wanajitegemea! Bwana Mshale akasema hajawahi kuona matokeo kama haya kwa watu waliolala kitandani. Nikasema moyoni, kweli, na hutaona tena. Mkurugenzi kapiga makofi, wengine wakafuata. Picha ya marehemu mwanzilishi iko ukutani nyuma yao, na ilinitazama mimi tu.

Mwenyekiti wa Bodi hakupiga. Ni mama wa umri, mwalimu mkuu mstaafu, anasikiliza akiwa kainamisha kichwa kama anasahihisha daftari. Akauliza: mtu aliyepooza anajitegemea vipi? Bwana Mshale akasema hilo ni swali zuri sana. Nimeshajua kwa miaka hii kwamba swali likiitwa zuri sana, jibu halipo. Akaongea dakika nne. Mwisho akapendekeza kikundi hicho kiwe mfano wa kuigwa na vingine.

Mwenyekiti akasema sawa, basi anataka kuwaona. Siyo kikundi. Hao kumi na mmoja. Safari ni Alhamisi ya tarehe thelathini. Na ripoti ichapishwe kabla, nakala mia mbili, majina nyuma kama kiambatisho.

Wakati wa kukunja nyaya nikatazama orodha ya walioachwa. Wa ishirini na moja, pua tu nje ya mstari: mafundi viatu viziwi, wale wenye banda nyuma ya stendi. Kwa alama moja. Nambari moja wangu asingekuwa nambari moja, wao wangekuwa wa ishirini.

Hilo sikulipigia hesabu nilipokuwa nabonyeza.

Ijumaa, 24 Mei

Mafundi viatu wamepata barua yao. Niliichapa mimi. "Tunathamini sana mchango wenu."

Kiongozi wao kaja kuisaini. Alinionyesha kwa mikono kwamba viatu vyangu vimechanika kisiginoni, nivilete atavishona. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikwenda kukaa choo cha wanawake, chini ya lile paa, mpaka nikachoka kukaa.

Jumatatu, 27 Mei

Bwana Mshale karudi na sanduku lake la magurudumu. Nikamwendea asubuhi. Nikamwambia kuna hitilafu kwenye takwimu za kikundi cha kwanza, ningependa kurekebisha. Kwa upole kabisa akanieleza kwamba takwimu zimeshafungwa. Kufungua lazima Mkurugenzi aandike barua.

Nikapanda kwa Mkurugenzi. Akasema takwimu ni mali ya mshauri, yeye akiingilia itaonekana Wakfu unapika matokeo. Ndiyo maana tukaajiri mtu wa nje. Nirudi kwa mshauri.

Nikarudi. Mshauri akasema yeye hupokea maelekezo kwa mteja. Mteja ni Mkurugenzi. Wakanizungusha hivyo mpaka jioni.

Ngazi nimepanda mara nne, na goti langu hili. Na katika mara zote nne, neno lenyewe sikulitamka. Nilisema hitilafu. Nilisema marekebisho. Wamenifundisha lugha yao, inafaa sana kwa watu waoga.

Jumanne, 28 Mei

Nimekwenda kwa Wifi baada ya kazi. Alikuwa uani anafua mashuka ya wagonjwa, mikono imemvimba kwa dawa. Hakunikaribisha kiti, akanirushia ncha ya shuka tukamue. Tukawa tunakamua, yeye huku, mimi huku, nami nikawa nasimulia. Simu ya kiwanja cha ndege. Ile E. Nilivyofuta. Makofi. Safari ya keshokutwa.

Shuka lilipokauka bado anakamua.

"Na mama umemweka humo?"

Nikasema nimemweka.

"Kwamba anajitegemea."

"Ndivyo kisanduku kinavyosema, wifi."

Akacheka. Sikutarajia. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema miaka minne amemlisha mama yake kwa kijiko, na hakuna kijiko hata kimoja mama alichokipokea bila kusema nipe nishike mwenyewe, wewe unamwaga. Nami nakumbuka. Mimi alikuwa ananiita mkwe mwenye mkono wa haraka, na hakuwa ananisifu.

"Haya, leo kakishika," Wifi akasema.

Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki usoni mwake hakikuwa kizuri kutazama. Aliuliza nafasi tuliyoichukua ilikuwa ya nani. Nikamwambia. Hapo ndipo alipokasirika hasa. Jambo la kisanduku halikumkasirisha, wala la mama yake. Aliuliza wale viziwi wamenikosea nini. Wamewahi kuniibia? Wamewahi kunitukana? Hata kutukana hawawezi!

Nikasema nimefanya kwa ajili ya wagonjwa wake.

Akasema yeye hakuniomba. Yeye aliandika kumi na moja wamekufa, kwa wino mwekundu, ili hata kipofu aone. Kama ni kufungiwa angefungiwa na maneno yake yamenyooka. Nikamwuliza keshokutwa atawaambia nini. Akasimama, akachukua beseni.

"Sitakuchongea, na sitasema uongo. Nitawapeleka kwa wagonjwa. Wakiniuliza, nitajibu. Uongo wako ubebe mwenyewe, wifi, mimi mikono yangu imejaa."

Nilipokuwa natoka akaniita, nikadhani kalegea. Alitaka nimwachie kanga yangu ya begani, kuna mgonjwa hana cha kujifunika.

Nikaiacha.

Jumatano, 29 Mei

Ripoti zimefika kutoka kiwanda cha uchapaji. Maboksi manane. Zinanukia wino. Jalada lina mshale.

Nilifungua kiambatisho. Wa sita yupo. Wamemwandika vizuri.

Baba watoto kaniuliza mbona sili. Nikamwambia tumbo. Akasema basi kesho usiende safari. Angejua! Sijamwambia mama yake yuko kwenye kitabu.

Alhamisi, 30 Mei

Naandika juu ya karatasi za ofisi, nitazibandika humu nikifika nyumbani. Mkurugenzi kanipa kazi ya kuchukua kumbukumbu za ziara, yeye hakuja, kaumwa ghafla na kikao. Basi nina kalamu na ruhusa. Hakuna anayeuliza naandika nini.

Tumekuja wanne: Mwenyekiti, Bwana Mshale, Dereva, mimi. Wifi alikuwa anatusubiri njiani, gauni la kazi, kitambaa kichwani. Kawasalimu kwa heshima zote. Bwana Mshale akaanza kueleza kwamba leo tungependa kuonana na wale waliotoka. Wifi akasema wageni wake huanza na waliomo. Akampa kila mmoja glovu.

Nyumba ya kwanza ni ya fundi mwashi, aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi miaka mitano iliyopita. Kuanzia kiunoni kushuka hana habari. Mdomo mzima. Wifi akamwambia Bwana Mshale ainue mguu ili yeye aoshe chini. Akaushika kwa vidole viwili. Mwashi akamtazama, akamwambia, "Shika kama mguu, bwana mkubwa, siyo kama yai. Haujui kuuma huo." Bwana Mshale akaukumbatia. Suruali yake ililowa mpaka gotini.

Mwenyekiti hakuambiwa kitu. Alikunja mikono ya gauni, akaweka mkono mmoja begani kwa mwashi na mwingine nyongani, akamgeuza kwa pumzi moja. Wifi akamwangalia. Mwenyekiti akasema marehemu mume wake alilala miaka miwili. Baada ya hapo wakawa wanaongea wao kwa wao, chinichini, kuhusu vidonda vya mgongo, mimi nikatoka kukaa kizingitini.

Bwana Mshale akanifuata. Akavua glovu, hakujua aziweke wapi, akazishika. Kisha akauliza, bila kunitazama, wale kumi na moja nao walikuwa hivi?

Nikasema walikuwa hivi. Na wamekufa. Wote.

Limetoka. Siku kumi na saba nimelibeba, na limetoka kirahisi kama kusema saa ngapi.

Nilidhani atanifokea. Hakufoka. Alihesabu kitu vidoleni, nadhani ni watu waliokwishapata nakala. Akasema kosa ni la fomu, alipaswa kuweka kisanduku kingine, fomu hiyo ametumia nchi saba na hakuna aliyelalamika. Nikajiuliza nchi hizo saba nako wamefaulu wangapi namna hii. Kisha akasema ripoti imeshatoka, jina lake liko juu, na mwezi ujao Bodi inaamua kama itampa kazi ya awamu ya pili. Akaniuliza, kwa ile sauti yake nzuri, kama kuna ubaya tukisema wamehama.

Nikamtazama nione kama anatania. Hatanii. Alikuwa amechoka kama mimi. Nilimwonea huruma, na hilo likaniudhi.

Nikamwuliza, na mafundi viatu?

Akasema, "Mafundi gani?"

Basi. Kaondoka kaenda kusimama karibu na gari.

Mwenyekiti katoka sasa hivi. Kakaa kizingitini ubavuni mwangu bila kutandika kitu, anafuta mikono. Kaniambia Wifi kamsimulia kikundi kilivyoanza: kwamba wa kwanza kuhudumiwa alikuwa mama yake mwenyewe, akamtajia na jina, na kwamba mimi ni wifi yake. "Kumbe ndiye mama mkwe wako," akasema. Nikasema ndiye. Akafungua mkoba, akatoa ripoti, akaenda moja kwa moja kwenye majina ya nyuma. Kidole kikashuka mpaka la sita.

"Huyu. Wengine waache. Nipeleke kwake nikamsalimu."

Simu yake ikalia. Akainua kidole kimoja, ningoje.

Nangoja. Wifi yuko mlangoni na beseni, kamwaga maji, karudi ndani. Kamsikia, lakini hakunitazama. Bwana Mshale naye kamsikia. Kule aliko ananipungia mkono kuelekea mbali, mbali, kwamba kahama.

Mwenyekiti anamuaga aliyempigia. Anafunga mkoba.

Makaburini ni kushoto, dakika kumi kwa miguu; kulia ni kurudi mjini. Dereva keshawasha gari, ananiuliza tunakata kushoto au kulia.